Ebrahim Mamdani: Profesa aliyeifundisha mitambo lugha ya watu

MWANAFUNZI yeyote wa uhandisi anayesomea udhibiti wa mitambo, awe Nairobi, Tokyo au London, hafiki mbali kabla ya kukumbana na neno "Mamdani". Hulikuta vitabuni, katika mitihani na ndani ya programu za tarakilishi, ambako huandikwa kana kwamba ni jina la kifaa: mbinu ya Mamdani, kidhibiti cha Mamdani. Wengi hulitumia miaka yote ya masomo yao bila kujua kwamba ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alizaliwa hapa Afrika Mashariki.

Profesa Ebrahim Mamdani, ambaye wenzake walizoea kumwita Abe, alizaliwa Juni 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na akafariki Januari 2010 akiwa na umri wa miaka 67. Alikuwa mhandisi wa umeme, mtafiti wa akili bandia na mwalimu wa chuo kikuu kwa miongo kadhaa. Jambo lililomfanya ajulikane duniani ni jaribio moja lililofanywa katika maabara ya chuo jijini London mapema katika miaka ya 1970. Jaribio hilo lilionyesha kuwa maarifa ya mwendesha mitambo wa kawaida, yakielezwa kwa maneno ya kawaida, yanaweza kuiongoza mashine bila hesabu ngumu zilizodhaniwa kuwa za lazima.

Msomaji asimchanganye na Profesa Mahmood Mamdani, msomi mashuhuri wa siasa na historia aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere na Columbia. Wote wawili walikulia Afrika Mashariki na wote wakawa maprofesa, lakini fani zao ni mbali kama mbingu na ardhi.

Safari ya kutafuta elimu

Kijana aliyetaka kuwa mhandisi katika Tanganyika au Zanzibar ya miaka ya 1950 hakuwa na chuo kikuu cha kwenda nchini mwake. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961, kikianza na masomo ya sheria. Kitivo cha uhandisi hakikupatikana hapo hadi 1973. Aliyekuwa na kiu ya taaluma hiyo hakuwa na budi kufunga safari.

Mamdani alisomea India, kisha mwaka wa 1966 akaenda Uingereza. Huko alijiunga na chuo cha Queen Mary, mojawapo ya vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya uzamifu na baadaye akaajiriwa katika idara ya uhandisi wa umeme ya chuo hicho hicho. Alidumu hapo hadi mwaka wa 1995.

Wakati alipoanza kazi ya uhadhiri, akili bandia ilikuwa taaluma changa iliyojaa ahadi kubwa na matunda haba. Nchini Uingereza hali ilizidi kuwa mbaya mwaka wa 1973, pale ripoti ya mwanahisabati James Lighthill ilipotoa hukumu kali dhidi ya utafiti wa aina hiyo. Ripoti hiyo ilisema kwamba mengi yaliyoahidiwa hayakuwa yametimizwa, na baada yake fedha za utafiti zilipungua sana. Ni katika mazingira hayo ya shaka ambapo Mamdani na mwanafunzi wake wa uzamifu, Sedrak Assilian, walikuwa wakifanya kazi yao.

Maneno yasiyo na mpaka

Ili kuelewa walichokifanya, yafaa kwanza tumtaje Lotfi Zadeh. Zadeh alizaliwa Baku mwaka wa 1921, akakulia Tehran, akasomea uhandisi wa umeme huko kabla ya kuhamia Marekani, na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Mwaka wa 1965 alichapisha makala fupi kuhusu kitu alichokiita seti fazi, yaani kundi ambalo mpaka wake si mstari bali ni ukungu.

Wazo lake si geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Sote hujua alasiri ni nini na jioni ni nini. Lakini nani awezaye kutaja dakika ambapo alasiri inakoma na jioni inaanza? Saa tisa ni alasiri bila ubishi. Saa kumi na mbili ni jioni. Saa kumi na nusu je? Kwa kiasi fulani ni alasiri na kwa kiasi fulani ni jioni, na hakuna anayekosea kwa kuliita hili au lile. Hali ni hiyo hiyo kwa "mtu mrefu", "maji ya moto" na "mtu wa makamo".

Mantiki iliyozoeleka tangu enzi za Wagiriki haikuwa na nafasi ya mambo kama hayo. Kwayo, kauli ni kweli au si kweli. Tarakilishi nazo zilijengwa juu ya msingi huo wa moja na sufuri. Zadeh alipendekeza kwamba kitu kiruhusiwe kuwa mwanachama wa kundi kwa kiwango chochote kati ya sufuri na moja. Hivyo saa kumi na nusu inaweza kuwa alasiri kwa kiwango cha 0.6 na jioni kwa kiwango cha 0.4. Mwaka wa 1973 alichapisha makala nyingine ndefu, akieleza jinsi mifumo tata inavyoweza kuelezwa kwa kanuni za maneno za namna ya "kama hivi, basi vile".

Wahandisi wengi walilipuuza wazo hilo, na baadhi walilishambulia hadharani. Mwaka wa 1972, Rudolf Kalman, mmoja wa vigogo wa nadharia ya udhibiti, alilikosoa vikali mbele ya wataalamu wenzake. Kilichokosekana upande wa Zadeh kilikuwa ushahidi. Hakuna aliyekuwa ameitumia nadharia hiyo kuendesha mtambo wowote wa kweli.

Injini ya mvuke maabarani

Makala ya Zadeh ya mwaka wa 1973 ilimfikia Mamdani. Wakati huo yeye na Assilian walikuwa na injini ndogo ya mvuke pamoja na tangi lake la kuchemshia maji. Walikuwa wakitafuta namna ambayo tarakilishi ingejifunza yenyewe kuiendesha.

Injini ya mvuke ilikuwa chaguo la maana. Katika karne ya 18, James Watt aliifungia injini yake kifaa cha mipira miwili inayozunguka ili kudhibiti mwendo, na hapo ndipo historia ya udhibiti wa mitambo hupenda kuanzia. Hata hivyo, mtambo wa Mamdani na Assilian haukuwa rahisi kuutawala. Kulikuwa na mambo mawili ya kurekebisha, nayo ni joto linalopelekwa kwenye tangi na uwazi wa vali inayopitisha mvuke. Kulikuwa pia na mambo mawili ya kulinda, yaani shinikizo la mvuke tangini na kasi ya injini. Ukiifungua vali ili kuongeza kasi, shinikizo linashuka. Ukiongeza joto, matokeo hayaonekani papo hapo. Tabia yenyewe ya mtambo ilibadilika kadiri ulivyoendelea kufanya kazi.

Njia iliyokubalika ya kushughulikia mtambo kama huo ilikuwa kuandika milinganyo ya hisabati inayoeleza kila kinachotendeka ndani yake, kisha kuitatua. Lakini binadamu aliyekaa kando ya mtambo huo kwa muda hahitaji milinganyo. Huutazama na kusema moyoni: shinikizo limepungua kidogo na bado linashuka, basi na niongeze joto kwa kiasi.

Mamdani na Assilian walizichukua kauli za namna hiyo kama zilivyo, zisizofika thelathini kwa jumla, wakazigeuza kuwa kanuni za tarakilishi kwa kutumia seti za Zadeh. Awali hawakukusudia kwamba hilo liwe jibu la mwisho. Lengo la utafiti lilikuwa kuona jinsi binadamu anavyoweza kushirikiana na mashine inayojifunza. Kanuni za maneno zilikuwa hatua ya kuanzia tu.

Matokeo yaliwashangaza. Kanuni hizo, bila mashine kujifunza lolote zaidi, ziliiendesha injini vizuri kuliko walivyotarajia, na walipozilinganisha na kidhibiti cha kawaida cha tarakilishi zilifanya vyema zaidi. Watafiti hao walikuwa na hekima ya kutambua kwamba jambo walilolipata kando ya njia lilikuwa na thamani kuliko lile walilokuwa wakilifuata. Mamdani aliandika matokeo ya kwanza katika jarida la taasisi ya wahandisi wa umeme ya Uingereza mwaka wa 1974, na mwaka uliofuata yeye na Assilian wakachapisha makala ambayo imetajwa na watafiti maelfu kwa maelfu tangu hapo.

Jinsi mbinu inavyofanya kazi

Mbinu ya Mamdani inaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni wa mkulima mwenye kivungulio cha nyanya. Ndani ya kivungulio mna feni ya kutoa hewa yenye joto na unyevu. Mkulima ana kanuni zake, mbili kati yazo zikiwa hizi. Kwanza: kama joto ni kali na unyevu ni mwingi, basi feni iende kwa kasi. Pili: kama joto ni la wastani, basi feni iende polepole.

Hatua ya kwanza ni kuvipima vitu na kuvipa viwango. Tuseme joto la saa hiyo ni "kali" kwa kiwango cha 0.6 na ni "la wastani" kwa kiwango cha 0.4, na unyevu ni "mwingi" kwa kiwango cha 0.5.

Hatua ya pili ni kuuliza kila kanuni ina nguvu kiasi gani. Kanuni ya kwanza ina masharti mawili yaliyounganishwa kwa neno "na". Mbinu hii huchukua lile lililo dhaifu zaidi, kwa kuwa mnyororo hauwi imara kuliko pete yake iliyo nyonge. Kati ya 0.6 na 0.5, nguvu ya kanuni ni 0.5. Kanuni ya pili ina sharti moja tu, hivyo nguvu yake ni 0.4.

Hatua ya tatu ni kulikata umbo la kila jibu kwa urefu wa nguvu ya kanuni yake. Umbo la "kasi" hukatwa kwenye 0.5 na umbo la "polepole" kwenye 0.4. Kisha maumbo hayo mawili huunganishwa kuwa moja.

Hatua ya mwisho ni kupata tarakimu moja, kwa sababu feni haiwezi kuambiwa "kwa kiasi fulani". Kama inavyofundishwa kwa kawaida siku hizi, hutafutwa kitovu cha uzito wa umbo lililounganishwa, mahali ambapo lingesimama sawa kama lingewekwa juu ya ncha ya kidole. Iwapo maumbo yote mawili yana ukubwa mmoja na yako umbali sawa kutoka katikati, feni itazunguka kwa nguvu iliyozidi nusu kidogo tu, kwa kuwa kanuni ya "kasi" imeishinda ile ya "polepole" kwa tofauti ndogo.

Msomaji ataona kwamba kanuni zote mbili zimesikilizwa. Hakuna iliyotupwa nje kwa sababu ya kukosa ushindi kamili. Joto likibadilika kidogo, mwendo wa feni nao hubadilika kidogo, wala hauruki ghafla kutoka kusimama hadi kasi ya mwisho. Huo utulivu ndio uliowavutia wenye viwanda.

Kutoka maabara hadi viwandani

Waliotangulia kuichukua mbinu hiyo kibiashara walikuwa Wadenmaki. Kampuni ya F. L. Smidth, inayotengeneza mitambo ya saruji, iliijaribu mwishoni mwa miaka ya 1970 katika tanuri la kuchomea saruji na kuanza kuiuza mwaka wa 1980. Tanuri la saruji ni bomba kubwa la chuma linalozunguka polepole, ambamo mawe ya chokaa huchomwa kwa joto kali mno. Wakazi wa Bamburi na Athi River wanaishi karibu na viwanda vya saruji na huenda wameyaona matanuri hayo kwa mbali. Kwa miaka mingi yaliongozwa na waendesha mitambo wazoefu waliosoma rangi ya moto na hali ya mzigo ndani yake. Maarifa hayo hayakuwa ya hisabati, lakini yangeweza kusemwa, na kilichoweza kusemwa sasa kingeweza kupewa mashine.

Japani ndiyo iliyoikumbatia mantiki ya fazi kuliko nchi nyingine. Julai 1987, reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa katika jiji la Sendai, treni zake zikiendeshwa kwa mfumo wa kampuni ya Hitachi uliotumia mantiki hiyo kuongeza mwendo na kufunga breki. Wataalamu wa fani hiyo walikutana Tokyo mwezi huo huo. Kufikia mapema miaka ya 1990, Wajapani walikuwa wakinunua mashine za kufulia nguo, kamera na vifaa vya kupoza hewa vyenye neno "fazi" kwenye tangazo.

Mjapani mwingine, Michio Sugeno, pamoja na Tomohiro Takagi, walitoa mwaka wa 1985 mbinu tofauti ambayo jibu la kila kanuni huwa ni fomula ya hesabu badala ya neno. Tangu wakati huo wanafunzi hufundishwa njia mbili kuu, ya Mamdani na ya Sugeno. Ya Sugeno ni nyepesi kwa tarakilishi kukokotoa. Ya Mamdani ni nyepesi kwa binadamu kusoma.

Upinzani haukuisha

Ingekuwa makosa kudhani kwamba mafanikio ya viwandani yalizima maswali ya wasomi. Mwaka wa 1993, mtafiti wa tarakilishi Charles Elkan alisoma katika kongamano la akili bandia nchini Marekani makala iliyozua ubishi mkubwa. Alidai kwamba misingi ya mantiki ya fazi ina kasoro kinadharia, na kwamba inafaulu katika mitambo kwa sababu mifumo hiyo hutumia kanuni chache zisizohitaji mlolongo mrefu wa hoja.

Mwaka uliofuata jarida moja la kitaalamu lilikusanya majibu ya wataalamu mbalimbali, Mamdani akiwa mmoja wao. Kichwa cha jibu lake kilizungumzia dhana potofu kuhusu nadharia na matumizi. Yeye alikuwa mhandisi, na katika makala yake ya mwaka wa 1993 ya kutathmini miaka ishirini ya udhibiti wa fazi alikuwa tayari ameugeukia uzoefu uliopatikana na mafunzo yaliyotokana nao.

Wahandisi wa udhibiti walikuwa na lalamiko jingine lenye uzito. Mtambo uliojengwa kwa milinganyo huweza kuthibitishwa kihesabu kwamba hautayumba. Mtambo unaoongozwa kwa kanuni za maneno ni vigumu kuupa uthibitisho kama huo. Kwa ndege au kinu cha nyuklia, hilo si suala dogo. Utafiti mwingi uliofuata ulijaribu kuliziba pengo hilo, na kwa sehemu ulifaulu.

Kutoka mitambo hadi mawakala

Mamdani hakukaa akiishi kwa sifa za injini yake ya mvuke. Mwaka wa 1981 yeye na Brian Gaines walihariri kitabu kuhusu fikra za fazi na matumizi yake. Baada ya hapo aligeukia swali jingine: ikiwa programu moja inaweza kuwa na maarifa ya fundi mmoja, je, programu nyingi zinaweza kushirikiana kama mafundi wa kikosi kimoja?

Swali hilo lilimwingiza katika mradi wa Ulaya ulioitwa ARCHON, uliogharimiwa na Jumuiya ya Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mradi ulitafuta namna ya kuziunganisha programu zilizokuwa zikifanya kazi kila moja kivyake, ili zibadilishane habari na kusaidiana. Ulitumika katika kutambua hitilafu kwenye mtandao wa umeme wa kampuni ya Iberdrola kaskazini mwa Uhispania, na pia katika kituo cha utafiti wa chembe cha CERN kilicho karibu na Geneva. Programu za namna hiyo huitwa mawakala.

Miongoni mwa wanafunzi aliowasimamia katika kazi hiyo alikuwa Nicholas Jennings, aliyekamilisha uzamifu wake Queen Mary mwaka wa 1992 na baadaye akawa mmoja wa watafiti wanaoongoza duniani katika mifumo ya mawakala, kisha makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Loughborough. Thamani ya mwalimu hupimwa pia kwa wanafunzi anaowaacha.

Mwaka wa 1995 Mamdani alihamia chuo cha Imperial, London, akishughulikia huduma na mikakati ya mawasiliano. Huo ulikuwa wakati ambapo simu za mkononi na intaneti zilikuwa zikibadilisha biashara yote ya mawasiliano, na mawakala wa tarakilishi walitarajiwa kuhudumu humo. Alistaafu akiwa na hadhi ya profesa wa heshima wa chuo hicho. Taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, ilimtunuku tuzo ya waasisi wa mifumo ya fazi.

Mipaka ya kanuni za maneno

Leo akili bandia inayozungumziwa kila mahali si ya kanuni za maneno. Tangu mwaka wa 2012, pale mtandao wa neva uliobuniwa na Geoffrey Hinton na wanafunzi wake wawili ulipowashinda washindani wengine kwa mbali katika kutambua picha, mwelekeo umekuwa kuziachia mashine zijifunze zenyewe kutoka kwenye rundo kubwa la data. Mwaka wa 2024 Hinton alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia pamoja na John Hopfield.

Kuna sababu nzuri ya mabadiliko hayo. Mbinu ya Mamdani huelemewa vitu vya kuangalia vinapozidi. Mtambo wenye vipimo viwili, kila kimoja kikielezwa kwa maneno saba, unaweza kuhitaji hadi kanuni 49. Vipimo vikiwa vitatu kanuni hufika 343, na vikiwa vinne hufika 2,401. Hakuna fundi awezaye kukaa akazisema zote. Isitoshe, yapo mambo tunayoyajua bila kuweza kuyasema. Kila mtu huitambua sura ya mamake, lakini hakuna awezaye kuandika kanuni za kuitambua.

Hata hivyo, mitandao ya neva imeleta tatizo ambalo mbinu ya Mamdani haikuwa nalo. Mashine iliyojifunza yenyewe hutoa jibu bila kutoa sababu inayoeleweka. Mwananchi anayeomba mkopo kwa simu akakataliwa na programu, hapati wa kumwambia ni kwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa kwa uamuzi wa mashine pekee katika mambo yanayomwathiri kwa uzito. Lakini ni vigumu kuitetea haki hiyo ikiwa hata waliotengeneza mashine hawawezi kueleza kwa nini imeamua ilivyoamua.

Kidhibiti cha Mamdani, kwa upande wake, huweza kufunguliwa na kusomwa. Kikikosea, fundi atatafuta kanuni iliyosababisha kosa, aisome kwa lugha ya kawaida, airekebishe, kisha akijaribu tena. Kwa sababu hiyo mbinu hiyo bado hutumiwa viwandani na kufundishwa vyuoni zaidi ya nusu karne baada ya kubuniwa, na watafiti wanaotafuta akili bandia inayoweza kujieleza wameirudia tena na tena.

Urithi wake

Programu maarufu ya hesabu za kihandisi ya MATLAB ina sehemu ya mantiki ya fazi ambamo mtumiaji huchagua kati ya aina mbalimbali za mifumo, mojawapo ikibeba jina la Mamdani. Hivyo kila siku, mahali fulani duniani, kuna kijana anayeliandika jina la Mwafrika Mashariki kwenye tarakilishi yake ili mtambo wake ufanye kazi.

Taaluma ya Mamdani ilijengwa juu ya heshima kwa yule anayeujua mtambo kwa kukaa nao. Wengi kabla yake waliuona ujuzi wa mwendesha mitambo kuwa kitu cha muda, cha kutumiwa hadi wenye milinganyo watakapofika. Yeye aliuliza fundi anasema nini, akayaandika maneno yake, na mashine ikatii.

Nchi zetu zina mafundi wengi wa namna hiyo: anayekausha majani ya chai Kericho na kujua kwa harufu kwamba yameiva, au anayeendesha pampu ya maji kijijini na kujua kwa mlio kwamba itaharibika kesho. Ujuzi wao mara nyingi hufa pamoja nao kwa sababu hakuna aliyewauliza. Wanafunzi wa uhandisi wanaolikuta jina la Mamdani vitabuni wangefanya vyema kuanza utafiti wao pale alipoanzia yeye, kando ya mtu anayeuendesha mtambo.